Bakuli la Kastadi na Bahari Mbili

Nyumbani kwetu, Mji wa Kale Mombasa, kastadi haikuwekwa mkekani pamoja na futari nyingine. Viazi vya nazi, mbaazi na kaimati vilitangulia. Yenyewe ilibaki frijini mpaka watu wamekwisha kuswali magharibi, ndipo ikaletwa kwa bakuli la kioo lililokuwa likitoka jasho. Ndani mlikuwa na rojo la manjano, na kila kijiko kilichozama kiliibuka na kitu chake: ndizi, embe, papai, zabibu za kijani, punje za komamanga. Bibi yangu aliila kwa hamu huku akiidharau. "Vyakula vya Kizungu hivi," alisema, kisha akajiongeza kijiko.

Miaka mingi nilimwamini. Jina lenyewe la Kizungu, kopo lina maandishi ya Kiingereza, nani angebisha? Lakini baadaye nilianza kuuliza kila kilichomo bakulini kimetoka wapi, na hesabu haikukubali. Ndizi si ya Mzungu. Embe si lake. Sukari si yake, vanila si yake, hata ule umanjano si wake. Kilichobaki ni kopo, na kopo nalo, tutaona, lina kisa cha kitu kilichotolewa kuliko cha kitu kilichotiwa.

Tuanze na matunda ndani ya maziwa, maana hapo ndipo bibi alipokosea zaidi. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alishukia Mogadishu akakaribishwa na wenyeji wake kwa siku kadhaa. Alikuwa mtu anayependa chakula na hakuona haya kukiandika. Aliletewa wali uliopakwa samli na vitoweo juu yake, na pembeni achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Pamoja na hivyo, anasema, watu wa Mogadishu huchukua ndizi kabla hazijaiva wakazipika kwa maziwa, wakazipakua katika chombo chake peke yake. Hakuona ajabu, aliandika kama mtu anayeeleza jambo la kila siku. Miaka mia tano na zaidi kabla ya kopo lolote la kastadi, mwambao huu ulikuwa ukipika tunda ndani ya maziwa, na ukijua kuwa sahani hiyo haichanganywi na nyingine.

Kwamba ndizi zilikuwapo si la kushangaza. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya upande wa New Guinea, lakini mwandishi al-Masudi, aliyesafiri baharini huku kwetu na kuondoka kisiwa cha Kanbalu kurudi Oman mwaka 916, alizitaja tayari miongoni mwa vyakula vya Wazanji, yaani watu wa pwani hii, na nazi akaziweka visiwani. Ibn Battuta mwenyewe, alipofika Mombasa, aliwakuta watu ambao nafaka yao hutoka bara, nao wakiishi kwa ndizi na samaki.

Lakini angalieni tofauti. Mogadishu iko mlangoni mwa wafugaji. Ng'ombe na ngamia wako karibu, maziwa hayakosi. Ukishuka kusini, mbung'o walizuia ng'ombe katika sehemu nyingi za nyuma ya pwani, na maziwa yakawa kitu cha bahati. Mnazi ukaziba pengo. Ndiyo sababu kuanzia Lamu hadi Kilwa ndizi mbivu hupikwa kwa tui: tui jepesi kwanza, ndizi zikishalainika unatia kasimile, yaani tui zito, sukari, iliki zilizopondwa na chumvi ya kuonja tu, kisha unaepua kabla tui halijakatika. Likipoa hushika na kuwa zito. Mgeni aliyezaliwa London akionjeshwa akiwa amefumba macho hatasita kuiita kastadi.

Ulaya nayo ilikuwa na ya kwake, lakini ilianza mahali ambapo mtu asingependa kuanzia. Katika kitabu cha mapishi cha Kirumi kinachoitwa kwa jina la Apicius kuna pishi la mapeasi: yanachemshwa, yanatolewa mioyo, yanapondwa na pilipili manga, bizari nyembamba, asali, divai tamu ya zabibu, mafuta, mayai, na mchuzi wa samaki waliooza kwa chumvi. Mayai hushika kila kitu pamoja motoni. Ukiondoa samaki, hiyo ni kastadi ya matunda. Usipomwondoa, sijui ni nini, ingawa Warumi waliila bila malalamiko.

Katika zama za kati Uingereza, jina lilikuwa la mkate kuliko la rojo. Wapishi waliandaa pai wazi za unga, wakazijaza nyama au matunda, wakamimina juu maziwa na mayai, wakaoka. Pai hizo ziliitwa kwa neno linalotokana na gamba lake la unga. Karne zilivyopita gamba liliachwa, yakabaki maziwa na mayai, na jina likabaki nayo. Kwa hiyo ukisema "kastadi" unataja ukoko ambao haupo tena. Wafaransa, ambao huwa hawana haraka ya kuwasifu majirani zao kwa upishi, wanaita rojo hilo hilo crème anglaise, yaani krimu ya Kiingereza, na Waingereza hawajapinga. Mwaka 1747 Hannah Glasse alipochapisha kitabu chake cha upishi kwa wanawake wa nyumba za kawaida, kastadi ilikuwa tayari jambo la kila jiko lenye kuku na ng'ombe.

Na ng'ombe na kuku ndiyo shida yenyewe. Kastadi ya kweli ni ya viini vya mayai, na viini vina hasira. Maziwa yakipata moto kidogo hayashiki. Moto ukizidi, karibu nyuzi 85 hivi, mayai hukatika na unabaki na mayai ya kuvuruga yanayoelea kwenye maji matamu. Aliyeipika anajua: unakoroga juu ya moto mdogo, mkono unachoka, macho hayatoki sufuriani, na mtu akikuita mlangoni ndiyo umeharibu. Chakula cha namna hiyo hakitoki jikoni kwa tajiri kikaenda mtaani.

Tuliache jiko la Kiingereza likikoroga, turudi baharini, maana wakati huo matunda yalikuwa yanahama.

Vasco da Gama alipotia nanga nje ya Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498, kabla mambo hayajaharibika baina yake na wenyeji, mfalme wa mji alimpelekea kondoo na machungwa mengi, malimau na miwa. Mzigo huo unaeleza hali ilivyokuwa: michungwa na miwa, mimea ya Mashariki, ilikwisha kuwa ya nyumbani hapa kabla Mreno hajaiona pwani. Miembe ilitoka Bara Hindi, na jina embe lina undugu na majina ya Kihindi na Kiarabu ya tunda hilo hilo. Alichokileta Mreno ni cha bahari nyingine. Columbus alikutana na nanasi Guadeloupe mwaka 1493. Wareno wakalibeba pamoja na jina lake la Kitupi kutoka Brazil, na sisi hatukulibadilisha sana. Papai, pera, karakara, korosho, yote ni ya Amerika. Stafeli pia. Jina la Kihindi la binamu yake, topetope, ni sitaphal, na msomaji atasikia mwenyewe jinsi neno lilivyovuka maji na kubadilisha tunda. Topetope lenyewe, kwa Kiingereza, linaitwa tofaa la kastadi, kwa sababu nyama yake ni laini na tamu kama rojo letu.

Na mahindi, ambayo ndiyo yatakayoishika kastadi mwishoni. Asili yake ni Mexico, ambako watu waliyafuga kutoka kwenye nyasi za porini miaka elfu tisa hivi iliyopita. Yalifika kwetu katika meli za watu waliokuwa wakienda na kutoka India, tukayaita ya Kihindi. Tulikosea bara, lakini njia tuliijua.

Sukari sitaikawiza, ingawa inastahili kitabu. Muwa ni wa New Guinea, ufundi wa kuigandisha sukari iwe chembe ni wa India, neno ni la Kisanskriti lililopitia Uajemi na Uarabuni. Katika karne ya 19 mabonde ya Pangani yalikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na mmoja wa wenye mashamba alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, ambaye tunamkumbuka kwa vita vyake na Wajerumani na kunyongwa kwake Pangani Desemba 1889. Watoto hufundishwa vita. Shamba halitajwi sana. Utamu uliokuwa ukisafirishwa kutoka pwani hii ulikuwa na jasho la watu wasiolipwa.

Sasa turudi Uingereza, mjini Birmingham, mwaka 1837. Alfred Bird alikuwa mkemia mwenye duka la dawa mtaa wa Bell Street, na mkewe Elizabeth alikuwa na tumbo lisilokubali mayai wala hamira. Alipenda kastadi. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa neno la kusikitika tu. Kwa mkemia lilikuwa kazi. Bird akatafuta kitu cha kuyashika maziwa bila yai, akakipata kwenye wanga. Unga wake, ukitiwa maziwa ya moto, ulitoa rojo zito, laini, la rangi ya kiini cha yai, wala hakuna yai. Miaka michache baadaye, mwaka 1843, akamtengenezea mkewe huyo huyo unga wa kuumulia mkate bila hamira. Inasimuliwa kwamba kastadi ile isiyo na mayai ilipakuliwa kwa wageni kwa bahati, wakaisifu, ndipo akaona ni biashara. Iwe bahati au la, kampuni ilikua mpaka ikawa na kiwanda kikubwa upande wa Digbeth, na majengo yake leo ni ofisi na studio za wasanii, bado yakiitwa Kiwanda cha Kastadi.

Bird alipofariki mwaka 1878, tanzia yake katika jarida la chama cha wanakemia ilieleza kwa urefu utafiti wake wa fizikia na hali ya hewa. Kastadi haikutajwa hata kidogo. Wasomi wenzake waliona aibu kwa niaba yake, nadhani.

Nimesema kopo lina kisa cha kitu kilichotolewa. Hapo ndipo penyewe. Bird hakuongeza ladha mpya duniani; alitoa yai. Lakini angalia kilichofuata baada ya yai kutoka. Kastadi haikuhitaji tena macho makali, kwa sababu wanga haukatiki ukichemka. Tena unataka uchemke. Haikuhitaji mayai mabichi, ambayo kwenye nchi za joto huharibika upesi. Unga ulikaa koponi miezi. Na jambo ambalo Bird hakulifikiria hata siku moja: chakula kilichokuwa haramu jikoni kwa mamilioni ya watu wasiokula yai, Wahindu na Wajaini wengi wa Bara Hindi, kikawa halali kwao. Tumbo la Elizabeth Bird lilifungulia kastadi njia ya Bombay.

Ukifungua kopo lenyewe usome viungo, utakuta mambo manne: wanga wa mahindi, chumvi, rangi, na kionjo cha vanila. Mahindi tumeyasema. Vanila na rangi vyote viwili vinatupitia mlangoni.

Vanila ni ua la Mexico. Wafaransa waliupanda mmea wake katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, huko mashariki ya Madagascar, mwanzoni mwa karne ya 19, ukastawi na kutoa maua lakini haukuzaa. Kwao huko Mexico kuna nyuki wanaoijua kazi hiyo. Visiwani hapakuwa na nyuki wao. Mabwana wa mimea wa Paris walijaribu njia zao, hakuna iliyomfaa mkulima. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond, aliyefiwa na mama yake siku ya kuzaliwa, alimwonyesha bwana wake tunda kwenye mmea uliokuwa tasa miaka yote. Alikuwa amechukua kijiti chembamba, akainua kile kizibo kidogo kinachotenga sehemu ya kiume na ya kike ya ua, akazibana kwa kidole gumba. Sekunde chache tu. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kufa siku hiyo hiyo, kwa hiyo kila moja lazima lichavushwe kwa wakati wake, kwa mkono. Njia ya Edmond ilienea Réunion, Komoro, Madagascar, na ndiyo inayotumika hadi leo na mkulima wa Kagera na wa Mukono anayeamka alfajiri na kijiti chake. Utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848 akapewa jina la ukoo, Albius. Alifariki mwaka 1880, maskini, wakati watu wengine wamekwisha kutajirika kwa kidole chake.

Kionjo kilichomo koponi si lazima kitoke kwenye ua lake. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Tiemann na Haarmann, walitengeneza ile kemikali ya harufu ya vanila kutoka kitu kilichomo kwenye utomvu wa misonobari, na tangu hapo harufu imekuwa rahisi. Bibi yangu hakuwa na habari za misonobari. Yeye kila mara alitia iliki juu ya kastadi ya kopo, kwa sababu, alisema, inanuka duka.

Rangi ndiyo iliyonishangaza kuliko vyote. Umanjano wa kopo hilo la Kiingereza unatoka kwenye mbegu za mti wa Amerika ambao leo unaota Kwale, kilomita chache kutoka nilikozaliwa. Wakulima wa huko wanauita mrangi. Unguja wanauita mzingefuri, na waongozaji wa watalii kwenye mashamba ya viungo hupasua ganda lake lenye miiba laini na kuwapaka wageni midomo mbegu zake nyekundu. Mbegu hizo hukaushwa, huuzwa nje, rangi yake hutolewa na kuingia siagi, jibini, na kastadi. Huenda bakuli la bibi liliwahi kupakwa manjano na mbegu za Kwale zilizokwenda Uingereza zikarudi kwa meli, zikiwa za Kizungu.

Kastadi iliingia kwetu kwa milango miwili, na ni vizuri kuitenganisha, maana watu huizungumza kama ni mmoja.

Mlango wa kwanza ni wa jiko la Mzungu. Nyumba za maofisa na walowezi, Nairobi, Tanga, Zomba, zilikuwa na wapishi Waafrika waliofundishwa kupika pudini. Kwa Mwingereza, kastadi ni ya moto, nyepesi, ya kumwagia: unachemsha matunda, au unaoka pai ya tofaa, kisha unamwaga rojo juu kutoka kwenye jagi. Mpishi alijifunza, na ujuzi ukaondoka na yeye kwenda kwenye hoteli, mabweni ya shule, hospitali za misheni na baadaye kwenye vitabu vya sayansikimu, ambamo wasichana wa vijijini walifundishwa kumwaga kastadi juu ya tofaa ambalo hawakuwahi kuliona sokoni. Kastadi ya mlango huu haikushika sana pwani. Nani anataka kitu cha moto na kitamu saa kumi na mbili jioni ya Mombasa?

Mlango wa pili ni wa Kihindi, na ndio wetu. Huko India unga wa kopo ulipoteza jagi lake. Watu waliupika mzito, wakaupoza, wakakatia matunda ndani: ndizi, embe, tofaa, zabibu, komamanga. Matunda yakawa kiini cha pishi na rojo likawa shahidi. Ilikaa vizuri mahali ambapo tayari watu walizoea maziwa mazito, iliki, pistachio na zafarani. Meli za Bombay na Kachchh zilikuwa zikija Mombasa na Unguja karne nyingi, na watu wa familia moja walikaa pande zote mbili za bahari. Pishi likavuka bila pasi. Lilipofika mezani kwa Mswahili, hakuna aliyeuliza cheti cha kuzaliwa. Lilikaa jirani na faluda na halua kama ndugu wa zamani. Bibi alikuwa akila chakula cha Kihindi alichodhani cha Kizungu, cha mtindo ambao pwani ya Ibn Battuta ingeutambua mara moja.

Bado palihitajika vitu viwili. Cha kwanza ni maziwa. Mwaka 1856 Gail Borden wa Marekani alipata hataza ya maziwa mazito ya kopo; ya unga nayo yakaja; na Kenya, mwaka 1925, walowezi waliunda ushirika wa maziwa uliokuja kujulikana kwa herufi KCC. Mbung'o hakuweza kuzuia kopo. Cha pili ni baridi. Kastadi ya matunda bila friji, pwani, ni chakula cha saa moja: ndizi zimeshakuwa nyeusi, maziwa yanaanza kunuka. Friji zilipoingia nyumba za mjini ndipo bakuli likaweza kupikwa mchana, mfungaji akiwa bado na nguvu, na kungoja magharibi. Nakumbuka friji yetu ilikuwa na ngurumo kama gari la mkaa, na Ramadhani nzima hakuna aliyeruhusiwa kuifungua bila sababu ya maana.

Kuipika si kazi. Lita moja ya maziwa. Vijiko vinne vya mezani vya unga. Sukari robo kikombe na zaidi kidogo, maana embe na ndizi zina yake. Chukua maziwa kidogo baridi, uyakorogee unga mpaka pasiwe na madonge. Hayo lazima yawe baridi: chembe za wanga zikikutana na maziwa ya moto kabla hazijatawanyika, za nje huvimba na kuzifungia za ndani zikiwa kavu, ukapata madonge ambayo hakuna mwiko unaoyamaliza. Maziwa mengine yachemshe na sukari na iliki. Yakianza kufoka, mimina ule uji mwembamba ukikoroga, wala usisimame. Kati ya nyuzi 62 na 72 chembe zinaanza kunywa maji na kuvimba. Unaona rojo linabadilika mkononi, kutoka majimaji kuwa zito, ghafla, kama mtu aliyekata shauri. Liache lichemke dakika moja au mbili, ladha ya unga mbichi itoke.

Ukitaka kumrudishia Bird kile alichokitoa, piga kiini kimoja au viwili ukitie. Lakini ukitia, chemsha kweli. Kiini kibichi kina kimeng'enya kinachokata wanga, na usipokiua kwa moto, kastadi nzuri ya jioni itakuwa mchuzi asubuhi. Na kwa mwenye kupenda ya kwetu, nusu ya maziwa iwe tui, lakini kasimile itiwe mwisho na isichemke kwa nguvu, mafuta yatajitenga.

Epua, funika na plastiki iguse uso wa rojo ili lisifanye utando. Sisi tulikuwa tunagombania utando, kwa hiyo kwetu haukufunikwa. Likipoa, katia matunda.

Hapa ndipo watu wengi huharibu, na kosa ni la nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokula protini, ndicho kinachochoma ulimi ukila nanasi jingi, na kikikutana na maziwa huanza kuyakata: baada ya saa chache rojo ni jepesi na lina uchungu ambao hakuna sukari inayouficha. Nilipoanza kupika mwenyewe nilimlaumu muuza maziwa mwaka mzima. Papai bichi ni hivyo hivyo, lililoiva sana lina afadhali. Dawa ya nanasi ni kulichemsha kidogo kwanza na sukari, lipoe ndipo litiwe. La kopo limeshapikwa, halina neno. Ndizi zikate mwisho, uzikamulie ndimu kidogo zisigeuke rangi, lakini ndimu iishie kwenye ndizi, isichuruzike kwenye maziwa. Embe litakalokaa ni dodo au ngowe, lisilo na nyuzi. Tofaa liache na ganda lake. Komamanga lichanguliwe juu kabisa, punje zibaki na mlio.

Kisha funika bakuli na ulirudishe frijini, na uwaambie watoto sheria moja ambayo bibi yangu aliisimamia kwa mgongo wa mwiko: kijiko kilicholambwa hakirudi bakulini. Tulidhani ni adabu tu. Lakini mate nayo yana kimeng'enya cha kukata wanga, kile kile kinachoanza kumeng'enya ugali ukiwa bado mdomoni, na kijiko kimoja kilicholambwa usiku kinatosha. Asubuhi tulikuwa tukifungua friji kwa ajili ya maziwa ya chai, tunalikuta bakuli limekuwa maji ya manjano na ndizi zikielea. Bibi hakuuliza nani. Alitupanga mstari, akatutazama mmoja mmoja, na mara zote alimpata.